Vyuma vizito vibebwe sakafuni

Katika baadhi ya jimu hapa Nairobi kuna mtindo wa kumpandisha mtu juu ya nusu mpira, kile kifaa chenye tumbo la hewa upande mmoja na ubapa upande wa pili, kisha kumtwika chuma mabegani achuchumae, kwa madai kwamba miguu na kiuno vitapata nguvu maradufu. Nakipenda sana kifaa hicho, na ndiyo sababu nasikitika kukiona kikipewa kazi isiyo yake.

Misuli hupata nguvu inapobebeshwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Anayeyumba hawezi kusukuma kwa nguvu zake zote, kwa kuwa misuli yake imeshughulika kumzuia asianguke. Hivyo uzito anaoumudu hupungua, na mapaja huambulia kazi ndogo kuliko ambayo yangeipata sakafuni. Hata misuli ya mgongo hufanya kazi kubwa mno mtu anapoinua chuma kizito akiwa amesimama imara.

Sehemu inayoyumba hutupa faida nyingine. Ndani ya misuli, kano na viungo mna neva zinazoupasha ubongo habari za mkao wa mwili, zikishirikiana na macho na sikio la ndani. Kifundo cha mguu kikiteguka, mawasiliano hayo huvurugika, na hii ni sababu mojawapo ya mtu aliyeteguka mara moja kuteguka tena kwa urahisi. Mazoezi ya ubao wa kuyumba hupunguza hatari hiyo, jambo la maana kwa yeyote anayekimbia kwenye njia za msitu wa Karura zenye mizizi na mawe.

Anza bila kifaa chochote. Simama peku kwa mguu mmoja karibu na ukuta, goti likiwa limelegea kidogo. Ukimudu nusu dakika, fumba macho, nawe utahisi vidole vikiikamata sakafu na kifundo kikihangaika huku na huku. Hapo ndipo mafunzo yenyewe yanapofanyika. Baadaye simama juu ya mto. Kwa tumbo na kiuno, egemeza viwiko juu ya mpira mkubwa, nyoosha mwili kuanzia kichwani hadi visiginoni, pumua kama kawaida, na upumzike mara kiuno kinapoanza kubonyea.

Fanya haya kabla ya vyuma, miguu ikiwa haijachoka. Wazee washike kiti kizito, na mwenye kizunguzungu amwone daktari kwanza.