Bibi ana haki ya kukataa

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, na katika yote tuliyofundishwa, hakuna lililonigusa kama Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005. Inaanza hivi: kila mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike kwamba hawezi. Na uamuzi wake ukionekana si wa busara, hilo peke yake halithibitishi kwamba hawezi kuamua.

Wengi wetu tumelelewa kumwamulia mgonjwa kwa upendo. "Mama, kula." "Babu, twende ukaoge." Huku nabisha hodi kwanza, naeleza ninachotaka kufanya, nasubiri ridhaa. Juzi bibi mmoja alikataa kuoga. Nilipomuuliza kinachomsumbua, akasema yeye ni mtu wa kuoga jioni, tangu ujana wake. Basi! Tukaandika kwenye mpango wake wa matunzo, zamu ya jioni ikamwogesha bila ugomvi wowote.

Kwa asiyeweza kuamua, tunatazama maslahi yake na kuchagua njia isiyombana kupita inavyohitajika. Siri zake hazitoki ovyo, lakini nikiona dalili za kuteswa, naripoti kwa msimamizi siku hiyohiyo.