Nimekutana na vanila London

Leo nimekwenda Kew, bustani ya mimea hapa London, kutazama maua ya okidi. Nje baridi ya Februari, masikio yamekufa ganzi.

Kufungua tu mlango wa nyumba ya vioo, miwani ikajaa ukungu. Sioni kitu! Nikabaki nanusa: udongo mbichi, kama shambani baada ya mvua.

Maua yalikuwa mengi mpaka macho yanachoka (mniwie radhi). Kilichonisimamisha ni mtambaa mmoja wa kijani, hauna hata ua.

Vanila. Kumbe nayo ni okidi, jamani!

Nikamwona bibi kule Bukoba, asubuhi na kijiti chake, anachavusha ua moja baada ya jingine, maana halingoji kesho.

Nani mwingine hapa kashawahi kushika kile kijiti?