Pono yuko macho

Juzi binti yangu karudi skuli, hata viatu hajavua kashanidaka mlangoni: "Baba, ni kweli Wamakonde hawawezi kuogelea?" Kumbe kuna mwenziwe darasani kataniwa hivyo mpaka kalia. Nikamuuliza nani kakwambia, akanyamaza, na mimi nikanyamaza, ila akili ishakwenda zake Misali, kile kisiwa kidogo cha hapa kwetu Pemba.

Ile safari ya vile vipesa vya wafadhili, nilipowapeleka vijana kisiwani, wa zamani mnaikumbuka. Karatasi imeandikwa "vijana wa jamii za pembezoni wafurahie mazingira ya asili", nikacheka peke yangu, Pemba hii pembezoni ndo wapi na sote tumezungukwa na maji? Anyway waliokusudiwa ni watoto wa Kimakonde wa kule shamba. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi hizo kuja kutafuta kazi za mashamba, wao wamezaliwa hapa hapa, Kiswahili chao ndo hiki changu, lakini wakati ule kulikuwa na majumba hamna hata mtu mmoja mwenye kitambulisho cha Mzanzibari. Sasa fomu ya safari inataka namba ya kitambulisho ya mzazi, mzazi hana, ujaze nini? Nikazungushwa mlango huu mpaka ule, mpaka mzee mmoja akachoka kuiona sura yangu akasema muite sheha, kiongozi wa mtaa wao, awatambue hao watoto, atie sahihi, yaishe.

Halafu wazazi wenyewe. Spice Islander ilikuwa haijasahaulika (nani kasahau, 2011 ile, meli inakuja kwetu usiku watu hawakufika), ukitaja maji tu mama mtu anashika kifua. Mmoja akaniambia huyu wangu hajatia hata kifundo cha mguu baharini leo umpeleke kisiwani? Nikadhani anatia chumvi. Wapi! Kutoka kwao mpaka pwani unakwenda kwa mguu, lakini wale watoto bahari wanaijua ya kuiona juu ya daladala, maana wakishuka pale pwani wenzao wanawafukuza, "rudini kwenye mihogo yenu". Basi ukifukuzwa udogoni mara mbili tatu hurudi tena, na baadae watu wanasema nyie kwani hamupendi bahari.

Bandarini Wesha tukaondoka asubuhi, laifu jaketi shingoni, waliotapika wakatapika. Nahodha, mzee wa makamo mwenye maneno mengi, akawahadithia habari za Nabii Khidhri, kwamba alifika pale akaomba maji ya kunywa akaambiwa hakuna, akaomba msala, yaani mkeka wa kusalia, akaambiwa hakuna, akasema basi kisiwa chenyewe ndo msala wangu, ndo ikawa Misali. Na maji matamu hakuna kweli mpaka leo, madumu tulibeba wenyewe. Dogo mmoja mkali akauliza, na Mkristo je akikaa juu ya huo msala? Nahodha akamtizama, akamwambia kaa, ukiona umenyanyuliwa ujue hutakiwi. Akakaa kwa kuvizia, nusu tako. Watu hoi.

Sasa hapa ndo ninapotaka kufika. Kulikuwa na mmoja mrefu, mkubwa kuliko wenziwe, kutwa kakaa mchangani na kanzu ya jezi yake ile ndefu, anasema mie nalinda vyakula. Wenziwe washaingia mpaka kifuani wanapiga kelele. Maji yanaanza kujaa, meupe, unaona vidole vyako chini. Nikamwambia njoo, hutaogelea, utasimama tu, maji ya magoti, nitakushika. Akaja. Nikamvisha miwani, ule mpira wa kupumulia nikamtia mdomoni, akauma kama anauma muwa, nikamwambia inama utizame tu. Akainama, akainuka hapo hapo anakohoa. Akainama tena. Mkono wake umenishika hapa juu ya kiwiko, kucha zinaingia kabisa, na mimi namhesabia pumzi kwa sauti sijui hata kama ananisikia. Mara ile mikucha ikalegea. Katulia. Mgongo unaelea, jezi imejaa hewa, mie nasikia kifua chake tu, hooo, hooo kwenye ule mpira. Kakaa vile mpaka miguu yangu ikaanza ganzi, nikaogopa nikamgusa bega, akatoka ghafla kavua kila kitu:

"Ticha! Pono halali! Anatafuna mawe, nimemsikia!"

Na kweli, pono akila kwenye matumbawe unamsikia kru kru kru, lakini sisi tumekua tunaambiwa usingizi wa pono, usingizi wa pono, nani aliwahi kwenda kumsikiliza? Nahodha akadakia, hayo mawe akishayatafuna anayanya, na mchanga huu mweupe mwingi wake ni huo. Wakaanza kuruka wanajifuta makalio, tumekalia mavi ya pono! Mrefu hakucheka, keshavaa miwani karudi majini, vyakula havina mlinzi tena, kunguru wakala mikate yetu.

Mengine ya kawaida. Tulirudi jioni, jua limetubabua, wamelala boti nzima wamelaliana.

Tulipofika kwao mama yake Mrefu alikuwa barazani. Kamkagua mwanawe masikio, shingo, chumvi imemkauka nyusi zote, kamgombeza kidogo kuhusu jezi iliyochanika, halafu kanivuta pembeni.

"Mwalimu, na watu wazima mnachukua?"

Nikamwambia mama, bajeti ni ya vijana tu, mwisho miaka ishirini na tano.

"Aa," akasema. "Kumbe bahari yenu ina bajeti."

Akaingia ndani. Ripoti ya wafadhili ilikuwa na kisanduku cha "maoni ya wazazi", na nikaandika kuwa wameshukuru sana.