Karatasi ya Dawa na Herufi Mbili
Jana nilipiga picha karatasi ya maelezo ya dawa iliyoandikwa kwa Kijerumani, nikaipakia kwenye programu ya tafsiri. Kwa kuwa karatasi ilikuwa na mikunjo na kivuli cha mkono wangu kiliiangukia, programu iliziona herufi r na n zilizobanana kuwa m moja, hivyo Harn, yaani mkojo, likasomeka Ham, na sentensi nzima ikavurugika. Kosa halikuwa la tafsiri, bali la usomaji uliotangulia. Niliinyoosha karatasi karibu na dirisha, nikapiga picha upya, kisha nikayalinganisha maandishi yaliyotolewa na karatasi yenyewe kabla ya kuyatafsiri. Kipimo cha dawa, hata hivyo, nilimuuliza mfamasia.