Damu imerudi, nguvu bado: siku moja ya mtunza kumbukumbu Dodoma

Saa 11 alfajiri. Ninaamka nikiwa nimechoka kama mtu aliyekesha msibani, ilhali nimelala tangu saa 3 usiku. Ninakaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kwenda kuoga, kwa sababu nguvu nitakazozitumia sasa ndizo nitakazozikosa mchana. Nina ugonjwa wa Crohn, ambao huufanya utumbo uvimbe na kupata vidonda, na kwangu umeshika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Miezi mitano iliyopita wingi wa damu yangu ulikuwa 8.4, baada ya dripu mbili za madini ya chuma umefika 12.6, na kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu wa damu huhesabiwa chini ya 12. Kwa mujibu wa karatasi ya maabara, nimepona.

Saa 12. Daladala ya kutoka Nkuhungu hadi Sabasaba, kisha nyingine ya Mtumba. Nimesimama njia nzima, kwa kuwa watu huwapisha wazee na wajawazito, nami sina kitu cha kuonyesha.

Saa 1:30 ninafungua masjala. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba za folio, yaani namba ya mfuatano ya kila barua ndani ya jalada, kuziweka kwenye majalada na kuyafikisha kwa maofisa wanaoyahitaji. Kazi ya namba huifanya kwanza, kabla akili haijawa nzito.

Saa 4, wakati wa chai, mwenzangu ananiuliza kwa upole: "Dada, si ulishaongezewa damu? Basi jitahidi na juisi ya rosela." Ninajua ananipenda, na kila ninayemweleza hunipa ushauri huohuo wa rosela, maini au matembele. Nilimeza vidonge vya fefo, vile vya madini ya chuma vya kuongeza damu, kwa miezi mitatu, choo kikawa cheusi na tumbo likasokota, lakini damu haikupanda. Daktari alinieleza kwamba mwili ukiwa na uvimbe wa muda mrefu, ini hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kisipite ukutani mwa utumbo na kukifungia hata kile kilichokwisha kuwekwa akibani. Ndiyo maana nilihitaji dripu, na ndiyo maana kipimo cha akiba hiyo, feritini, hakisomwi kwa mgonjwa kama mimi jinsi kinavyosomwa kwa mwingine: uvimbe wenyewe hukipandisha, hivyo feritini ya 80, ambayo kwa mtu mwenye utumbo uliotulia ingeonekana ya kutosha, kwangu bado inaweza kuficha upungufu.

Saa 6 mchana uchovu unaniangukia. Si usingizi, wala si uvivu. Ni kama mikono imefungwa mawe na maneno yamesogea mbali. Ninaandika folio 47 mara mbili katika jalada moja. Mkuu wa masjala ananiita, ananionyesha kosa, nami ninasema "Samahani, mama," kwa sababu maelezo ni marefu kuliko nguvu niliyo nayo.

Saa 9:30 ninatoka, na saa 11 jioni niko kliniki kusikiliza majibu. Vitamini B12 iko chini, jambo ambalo sasa naona lingetazamiwa, maana hufyonzwa palepale utumbo wangu ulipoharibika. Kipimo cha choo, kalprotektini, bado kiko juu, yaani utumbo haujatulia ingawa siharishi tena. Daktari ananiuliza pia kuhusu usingizi, huzuni na dawa ninazotumia, kisha anaagiza kipimo cha tezi ya shingoni na cha vitamini D. Ananiambia bila kunificha kwamba hata hayo yote yakirekebishwa, wapo wagonjwa wengi wa Crohn wanaobaki na uchovu wakati ugonjwa umetulia, na hakuna dawa moja ya kuuondoa.

Lililonigusa zaidi ni kwamba aliandika neno "uchovu" katika faili langu, kwenye mstari wake, likiwa tatizo linalojitegemea. Katika ziara zangu za nyuma, kwa daktari mwingine, lilitajwa likapita, kwa kuwa damu ilikuwa imepanda. Sisi wa masjala tunajua hatima ya jambo lisilo na folio: hakuna anayelifuatilia.

Saa 2 usiku. Nimechomwa sindano ya kwanza ya B12, nimekula wali na mlenda kidogo, na mume wangu ameosha vyombo. Ninafungua daftari ambalo daktari ameniomba niwe nalo hadi ziara ijayo, la kupima uchovu kutoka 0 hadi 10. Asubuhi 5. Mchana 9. Sasa hivi 7.