Siku Yangu Moja na Mchezo Uliozimwa 2011

Saa 11 alfajiri. Chai ya tangawizi iko mezani, nyumba nzima imelala, na Austin bado ina kaubaridi kabla jua la Texas halijachomoza. Hizi saa mbili ni zangu. Nafungua laptopu, nawasha seva yangu ndogo ya Star Wars Galaxies, mchezo wa kompyuta wa kuchezwa na watu wengi mtandaoni, uliofungwa rasmi tarehe 15 Desemba 2011.

Ulitengenezwa mji huu huu, na studio ya Sony Online Entertainment, ukatoka Juni 2003. Mimi nilikuja kusoma mwaka uliofuata. Mwenzangu wa chumbani alinikalisha mbele ya kompyuta yake akaniambia nichague nataka kuwa nani, nikachagua kuwa mnenguaji. Katika mchezo ule mpiganaji akirudi vitani, majeraha ya mwili anatibiwa na daktari, ila ya akili daktari hayawezi. Lazima aje baa, akae, atazame watu wakicheza au wakipiga muziki mpaka apone. Nilikuwa mgeni, sina ndugu wala jirani, na kila jioni watu walikuja kukaa mbele yangu kwa sababu walinihitaji. Novemba 2005 mchezo ukabadilishwa kutoka mizizi, fani zaidi ya thelathini zikabaki tisa, na wengi wetu tukaondoka hata kabla haujafungwa.

Mradi wa mashabiki uitwao SWGEmu unaurudisha ulivyokuwa kabla ya mabadiliko yote, yaani hata kabla ya Aprili 2005, mfumo wa mapigano ulipobadilishwa kwanza. Msimbo wake, Core3, uko wazi: mwenye diski zake halali za mchezo anaweza kuuchukua na kuuendesha nyumbani. Ndivyo nilivyofanya, mimi na marafiki wachache, na juu yake naandika vitu vyangu vya majaribio.

Ukiwa na diski una nusu tu ya mchezo. Picha, sauti na ramani zimo. Lakini pigo linaumiza kiasi gani, jeraha linapona kwa kasi gani, chini ya ardhi leo kuna chuma cha aina gani, yote hayo yaliamuliwa na mashine za kampuni, na hakuna mteja aliyewahi kuuziwa nusu hiyo. Kilichobaki ni mazungumzo. Wako wachezaji waliorekodi pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zilizokuwa zikipita kati ya kompyuta zao na seva wakati mchezo ungali hai, na sisi tunakaa na rekodi hizo kama mtu anayesikiliza simu ya upande mmoja, tukikisia upande wa pili ulifikiria nini.

Asubuhi hii nina tatizo. Anayemtazama mnenguaji anapona kwenye seva, lakini kwenye skrini yake haonekani kupona mpaka atoke na kuingia tena. Nafungua rekodi ya pakiti na kuanza kusoma namba za mfumo wa kumi na sita, mbili mbili: 4F 45 52 43. Kwa herufi ni OERC. Inasomwa kinyumenyume, CREO, alama ya kiumbe mwenye uhai. Kila nikiiona namkumbuka babu na barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kidole chake kikitambaa kutoka kulia. Baada ya alama hiyo, mbele kidogo, inakuja orodha ya majeraha, nafasi tisa, tatu za mwisho zikiwa za akili. Namba zote ziko sawasawa. Kwa nini skrini inazikataa?

Saa 1, watoto wameamka. Binti yangu anachungulia begani. "Shikamoo baba. Bado hajapona tu?" Marahaba mwanangu, bado.

Kuanzia saa 2 mpaka saa 11 jioni niko kazini, kuvuta nyaya na kupanga swichi kwenye ghala. Kazi inalipa kodi ya nyumba.

Saa 7 mchana, nikiwa na wali wangu wa nazi kwenye chombo, simu inaita ujumbe. Ni mama mmoja wa Ohio, mstaafu, aliyekuwa fundi wa silaha kwenye mchezo. Amenipigia picha kurasa nne za daftari lake la 2004. Hapo ndipo moyo wangu unapopiga. Kila mkupuo wa madini katika mchezo ule ulikuwa na jina lake na sifa zake kwa namba hadi 1000: ubora, upitishaji umeme, ugumu. Ulikaa ardhini siku chache, ukatoweka, na haukurudi tena. Mama huyu aliandika kila chuma na kila shaba aliyoipima, kwa kalamu ya bluu, pembeni ameweka nyota penye kitu cha kukimbilia. Wazee wawili wa mchezo wanaweza kuapa vitu viwili tofauti kuhusu jambo moja, kwa hiyo kumbukumbu peke yake siiweki kwenye msimbo. Daftari lililoandikwa siku ile ile naliweka karibu sana na pakiti.

Saa 2 usiku, baada ya chakula, narudi mezani. Na ninaliona. Kila orodha ina kihesabu cha mabadiliko yake. Katika msimbo wangu, kila mtu anapoingia baa niliijenga orodha ya majeraha upya, na kihesabu kikaanza tena sifuri. Kompyuta ya mchezaji inakumbuka imeshafika 41, seva inamletea 1, basi inaiona habari ya zamani na kuitupa. Nabadilisha mistari mitatu, kihesabu kiendelee pale kilipoishia. Najenga seva upya, na wakati inajengeka naosha vyombo.

Saa 4 usiku tuko watatu katika baa ya Mos Eisley, mji wa jangwani ndani ya mchezo. Rafiki yangu ametoka jangwani na akili imechoka nusu nzima. Mama wa Ohio ameingia kushuhudia. Naandika /startdance, amri ya kuanza kucheza, rafiki yangu anaandika /watch, ya kutazama, tunanyamaza wote. Sekunde kadhaa. Kisha kwenye mstari wake wa akili, ile sehemu iliyoliwa na jeraha inarudi nyuma, kidogo, na tena kidogo.

"Akili inapanda," rafiki yangu anaandika. "Usiache kucheza."

Nacheza mpaka saa 5 na nusu.