Ubavu wa Kulia wa Siti ya Dereva

Siti ya dereva haichakai sawasawa. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia huanza kuliwa ubavu wa nje, ule unaopakana na mlango, kwa sababu hapo ndipo mtu hujiburuza akiingia na hujikandamiza akishuka. Katikati, panapobeba uzito wote, ngozi bado nzima. Kinachoimaliza ni msuguano: mshono wa jinzi, pini ya mkanda, funguo zilizosahaulika mfukoni.

Gari langu ni Toyota Crown, Royal Saloon ya mwaka 2005. Kabla haijashushwa bandarini Dar es Salaam, kuna mtu huko Japani aliyeiendesha miaka mingi, na kwenye karatasi ya mnada hali ya ndani ilipewa C. Wenzetu wale huipima kwa herufi, A ikiwa ndiyo bora. Simjui mtu huyo hata jina. Lakini wiki hii nimeinamia alama za mwili wake saa nyingi kiasi kwamba naona najua kitu fulani kumhusu: alikuwa akiegemea kulia, na kiwiko chake kilipenda kukaa palepale kila siku.

Wengi waliniambia nivishe kava yaishe. Kava zinashonwa vizuri hapa mjini, siku moja tu gari linaonekana jipya. Sikutaka. Ile ni ngozi ya ng'ombe kweli, na mnyama aliyetoa ngozi yake anastahili iangaliwe kwanza kabla ya kufunikwa na plastiki. Nilisema hivyo kwa fundi mmoja wa siti kule Ilala, mzee mwenye vidole vilivyopauka kwa gundi, naye akaitikia kwa kichwa taratibu. "Sasa mwanangu, anza kwa kuisafisha," akasema. "Usinunue rangi kabla hujaijua rangi yako."

Nikaanza na vumbi. Mashine ya kufyonza kwanza, hasa kwenye mishono, kwa sababu mchanga uliojificha pale ni msasa tosha ukianza kuusugua na maji. Kisha dawa ya kusafishia ngozi, ikatiwa kwenye brashi laini na si kwenye siti yenyewe, ili maji yasizame kwenye vitundu na uzi. Povu lilipanda la hudhurungi kama chai. Unalipangusa likiwa bado bichi, la sivyo uchafu unarudi ulikotoka.

Vijana wa kuosha magari hutumia sabuni ya unga, na naelewa kwa nini: inang'oa haraka. Lakini ngozi iliyotengenezwa ina asili ya uchachu, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kama 5 hivi, na sabuni ya unga iko mbali upande wa pili. Ukiizoesha hiyo, ngozi inakakamaa na rangi yake inachubuka mapema. Mafuta ya nazi nayo yana sifa kubwa mno mitaani. Siti nyingi za magari ya leo zimepakwa rangi na tabaka jembamba la kinga juu yake. Mafuta hayapiti, yanabaki juu, yanakamata vumbi. Ukitaka kujua siti yako ni ya aina gani, dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likikaa juu kama shanga, imefunikwa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ni ngozi iliyo wazi, na hiyo ina matunzo mengine kabisa. Dawa ya viatu ndiyo naisikitikia zaidi. Nimemwona mtu mzima akishuka kwenye gari kuelekea msikitini, kanzu nyeupe imeshika weusi mgongoni.

Baada ya kusafisha, siti iligeuka kitu kingine. Nusu ya unachokidhania uchakavu ni uchafu tu. Ilikuwa hudhurungi, chini yake kumbe ni kijivu, karibu na rangi ya majivu ya mkaa. Mzee alinituma nikang'oe kiegemeo cha kichwa, nitazame ngozi ya pale chini ambayo jua halijaigusa. Hiyo ndiyo ikawa kipimo chetu. Alichanganya rangi kidogo kidogo, akaipaka kwenye kipande, akaikausha kwa draya ya nywele ndipo akailinganisha, maana rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya, ikikauka hukoza.

Sehemu iliyofuata niliifanya kwa mikono yangu, yeye akiwa pembeni. Ubavu ukapanguswa kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Hapo hapana haraka: mafuta ya mwili yakibaki, rangi itabanduka vipande vipande. Msasa mwembamba, namba 600 kisha 1000, ukalaza nyuzi zilizosimama. Nyufa zikajazwa fila laini ya ngozi, inayopinda bila kukatika, safu nyembamba juu ya nyembamba. Rangi ikawekwa kwa sponji kwa kugonga-gonga, si kwa kuburuta. Mwisho klia isiyong'aa, ile kinga angavu ya juu ya rangi, kwa sababu siti hizi hazikutoka kiwandani ziking'aa.

Nilipotaka kujaza na mikunjo ya katikati, mzee aliushika mkono wangu. "Hiyo iache, mwanangu. Hiyo ni ngozi, imekaliwa." Nimeyafikiria maneno hayo tangu jana. Ufa ni jeraha. Maji na jasho vikiingia utaendelea kufunguka, ni lazima uzibwe. Mkunjo ni mazoea. Ngozi imejifunza mwili unavyokaa, ikajikunja ilikotakiwa kujikunja. Ukiulaza kwa fila utapata uso laini wa miezi michache, halafu utakatika palepale. Kwa hiyo katikati nimepaka rangi hafifu tu, mikunjo ya yule bwana au bibi wa Japani ikabaki, na sasa ya kwangu inaongezeka juu yake. Najisikia vizuri kuketi hapo. Si hisia ya kumiliki kitu kipya, ni ya kupokezwa.

Jua ndilo linalonitia wasiwasi. Gari likishinda wazi mchana wa Dar, ndani panakuwa tanuri, na joto na mwanga vinakausha na kupausha hata kazi nzuri. Nimenunua kizuizi cha jua cha kioo cha mbele, na naegesha chini ya mwembe hata kama nitatembea zaidi. Masika yakija itakuwa kinyume chake, ukungu. Nitalazimika kufungua milango ipate hewa.

Siti ya nyuma sitaipaka rangi. Imesafishwa, imetosha, na pande zake ni plastiki iliyochapwa mfano wa ngozi, kama ilivyo kwenye magari mengi yanayoitwa ya ngozi. Rangi iliyobaki nimeifunga kwenye chupa na kuiandika tarehe. Unaofuata ni usukani, na huo una shughuli yake: jasho la viganja vya miaka mingi limezama ndani, na mzee amenionya kwamba nitaupangusa kwa spiriti, niuache usiku kucha, mafuta yapande tena, nirudie, kabla rangi haijakubali kushika.